Kahawa Inayotafuta Mwenye Jina: Ushirika, Vilima na Urithi wa Mugirango Kusini

Mhadhara uliotolewa Nyamarambe, Kaunti ya Kisii, mbele ya wanachama wa vyama vya ushirika, walimu na wananchi

Mada niliyokabidhiwa ni ushirika wa wakulima, ardhi yao na urithi wao. Wanaoijua sana mada hii ni wakulima wa zabibu za divai huko Ulaya, ambao wameibishania kwa zaidi ya karne moja, na huenda wapo waliokuja wakitarajia habari za mizabibu. Nitazigusa. Lakini mizabibu ya Afrika Mashariki iko Dodoma na Naivasha; mteremko wetu huu unabeba kahawa, migomba, mahindi, miwa upande wa chini, na chini ya hayo yote lipo jiwe la Tabaka. Kahawa ndiyo nitakayoisemea.

Nasema hivyo nikijua niko mbele ya nani. Waadventista waliweka kituo chao Gendia, kando ya Ziwa, mwaka 1906, na muda si mrefu wakapanda hadi Gusii. Leo ni wengi kati yetu, na Mwadventista mwaminifu hanywi divai wala kahawa. Kwa hiyo baadhi ya wakulima hodari kabisa wa zao hili hawajawahi kulionja. Mkicheka, mna haki. Ila hata yule asiye na katazo la dini mara nyingi hajaionja kahawa ya shamba lake mwenyewe ikiwa safi, imekaangwa vizuri, kwa sababu huenda zake Nairobi ikiwa mbichi na hairudi. Tutaona baadaye kwamba jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Kusudi langu ni kutetea jambo moja. Nasema chama cha ushirika cha kahawa kisijihesabu kuwa mkusanyaji wa kilo za matunda. Kijihesabu kuwa mwenye mahali. Mahali pana udongo wake, maji yake, kimo chake, ujuzi wa watu wake, na jina. Jina hilo lisipokuwa na mwenyewe kisheria, litatumiwa na kila apitaye, na mwenye shamba atalipwa kilo tu. Nina hoja nne, na baada yake nitayajibu mapingamizi ninayoyasikia mara kwa mara.

Hoja ya kwanza: kahawa ya Gusii ilianza katika ugomvi juu ya jina

Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kulima kahawa ya arabika. Walowezi walitoa sababu kadhaa: kwamba mashamba madogo yasiyotunzwa yangeeneza magonjwa, kwamba wizi wa matunda ungeongezeka, na kwamba kahawa ya Mwafrika ingeshusha sifa ya kahawa ya Kenya huko London. Sababu ambayo haikutajwa sana ni kwamba mtu mwenye miti yake ya kahawa haendi kuwa kibarua katika shamba la mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 serikali ililegeza kamba kidogo, ikaruhusu majaribio katika wilaya tatu: Kisii, Meru na Embu. Hizi hazikuchaguliwa kwa upendeleo. Zilikuwa mbali na mashamba makubwa ya walowezi, hivyo kahawa yake ingeweza kutengwa na ya kwao. Majaribio yalifanywa kwa leseni, kwa ukaguzi, kwa vipimo vya mashimo na umbali kati ya mti na mti, na mkulima aliyekiuka aliweza kung'olewa miti yake.

Tazameni hoja ya mlowezi kwa makini, maana ndani yake limo somo tulilolisahau. Alijua kwamba bei anayopata London haitokani na kazi yake peke yake. Inatokana na sifa inayomilikiwa kwa pamoja, na mtu mmoja mzembe anaweza kuiharibia wote. Kwa hilo alikuwa sahihi. Kosa lake lilikuwa kudai kwamba sifa hiyo ni mali ya kabila moja la watu, na kuigeuza kuwa ukuta. Ukuta huo ulibomoka polepole: Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1945 iliwafungulia Waafrika mlango wa kusajili vyama vyao, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukapanua kilimo cha mazao ya biashara katika maeneo ya Waafrika. Vyama vya msingi vikaota kando ya mito ya Gusii, na juu yao ukajengwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Wakulima wa Kisii. Tulirithi miti, viwanda na vitabu vya hesabu. Ulinzi wa sifa hatukuurithi. Ulibaki kwa bodi, kwa mawakala na kwa wanunuzi.

Kuna kituko kidogo hapa. Moja ya aina za kahawa zilizopandwa Kisii tangu mwanzo ni Blue Mountain, mbegu yenye asili ya Jamaika. Yaani mkulima wa Gusii alipanda mti uliokuja na jina la mlima wa watu wengine. Wajamaika wamelilinda jina hilo kwa sheria na kwa bodi, na kahawa yao ni miongoni mwa zile za bei kubwa kabisa duniani. Mti wa ukoo huohuo, ukikua juu ya Mto Gucha, huuzwa kwa daraja la ukubwa wa punje.

Hoja ya pili: jina lipo, ila halina mwenyewe

Wengi husema mfumo wa soko la Kenya humfuta mkulima kabisa. Hilo si kweli, na tusijenge hoja juu ya jambo lisilo kweli. Fuateni tunda. Mkulima huchuma matunda mekundu na kuyafikisha kiwandani siku hiyohiyo, kwa sababu yakilala huanza kuchacha vibaya. Karani wa mizani huyapima. Mashine huyamenya kwa maji, punje huchachushwa ili utelezi uachie, huoshwa, hupangwa kwa uzito katika mifereji, kisha huanikwa kwenye vitanda vya waya kwa siku nyingi, zikigeuzwa na kufunikwa jua linapokuwa kali. Kilo sita hadi saba za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi. Ikishakobolewa, hupangwa kwa madaraja: AA, AB, PB na kadhalika, hadi ile iliyokaushwa na ganda lake ambayo sokoni huitwa mbuni. Halafu huingia katika Soko la Kahawa la Nairobi. Na hapo, katika orodha ya mnada, kila shehena ina namba na alama inayoonyesha imetoka wapi. Nchi nyingi zinazozalisha kahawa hazina utaratibu mzuri namna hiyo.

Ndiyo maana mtu akiingia katika duka la wakaangaji wazuri Oslo au London anaweza kukuta pakiti iliyoandikwa jina la kiwanda kidogo cha Nyeri au Kirinyaga, kiwanda ambacho hata Mkenya wa Nakuru hajawahi kukisikia. Jina la kiwanda cha Gusii ni nadra mno kukutwa hapo. Kwa nini? Udongo wetu mwekundu hauna kasoro, mvua yetu ni nyingi na huja misimu miwili, na kimo kinatosha. Sababu zinazoweza kurekebishwa ni mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu ya matunda yetu huuzwa barabarani kwa madalali, mabichi na mabivu pamoja, na yakishachanganywa hayana tena kiwanda wala kijiji. Ya pili ni ile niliyoigusa nilipowataja Waadventista: hakuna chumba cha kuonjea karibu na mkulima. Mnunuzi anajua ladha ya kahawa yetu, sisi hatuijui. Anayejua ladha ndiye anayepanga bei. Chama kinaweza kuajiri mwonjaji hata kama mwenyekiti wake hatii kikombe mdomoni, kama vile asiyekula nyama anavyoweza kumiliki bucha.

Hapo ndipo wakulima wa zabibu wana jambo la kutuambia. Mwaka 1907 kusini mwa Ufaransa, katika Languedoc, bei ya divai ilianguka hadi wakulima wakaingia barabarani kwa mamia ya maelfu, na jeshi likaua watu mjini Narbonne. Malalamiko yao makubwa yalikuwa divai bandia: wafanyabiashara waliochanganya maji na sukari wakaiuza kwa jina la divai. Baada ya ghasia hizo ilikuja sheria dhidi ya udanganyifu, na katika miaka iliyofuata vyama vya ushirika vya kukamua na kuhifadhi divai vikaongezeka hadi mamia. Mfumo wa kitaifa wa kulinda majina ya mahali ulikuja baadaye, mwaka 1935. Angalieni mpangilio huo: kwanza watu walimiliki mtambo na pipa, ndipo wakamiliki jina. Aliye na jina bila mtambo hana cha kutia ndani ya chupa.

Dodoma inatuonyesha upande mwingine wa jambo hilohilo, tena jirani. Zabibu zilifika kule kwa mkono wa wamisionari, zikastawi katika ardhi kavu, na leo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimeupa jina lake mzabibu mwekundu unaolimwa sana. Dodoma ina jina, basi, na Watanzania wanalijua. Lakini zabibu haisubiri. Mwenye kiwanda asiponunua wiki hiyo, mkulima hutazama mavuno yakioza, na wakulima wa Dodoma wamelia kilio hicho zaidi ya msimu mmoja. Sisi tuna bahati wasiyokuwa nayo: kahawa ikishaoshwa na kukaushwa, ikiwa bado na ganda lake la ndani, hukaa miezi bila kuharibika, na mashine za kuifikisha hapo tayari ni mali ya vyama vyetu. Kati ya mtambo na jina, tulichonacho ni kile ambacho kwa kawaida ni kigumu kukipata.

Hoja ya tatu: jiwe la Tabaka limetuonyesha matokeo

Kama kuna anayeshuku kwamba jina lisilo na mwenyewe huponyoka, asisafiri mbali, ateremke Tabaka. Hakuna zao la Gusii lililotembea dunia kama jiwe hili laini la rangi nyeupe, waridi na kijivu. Sanamu ya Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Vinyago, sahani na vyombo vya kuchezea bao vinauzwa katika maduka ya watalii kutoka Mombasa hadi Marekani, vikiitwa mawe ya Kisii. Jina lilishinda. Na waliofaidika na ushindi huo si wachimbaji wanaoingia katika mashimo, wala wachongaji, wala wanawake wanaokaa na beseni la maji wakisugua kwa msasa mpaka jiwe ling'ae. Wachongaji wamewahi kuungana katika vyama vya ushirika, na mashirika ya biashara ya haki yamenunua kwao kwa miaka mingi. Lakini mtu yeyote, popote, anaweza kuliandika jina la Kisii juu ya kitu chochote cha jiwe, na hakuna mlango wa Tabaka unaoweza kubishwa ili kuomba ruhusa.

Hatari si ya kufikirika. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoi, kwa tahajia yake ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Ombi hilo lilipingwa, na hatimaye likaachwa. Wapingaji walikuwa wachache wenye mawakili wa kujitolea. Bila wao, mfanyabiashara wa Lamu au Mombasa angeweza kuzuiwa kuuza kikoi Uingereza kwa jina lake. Wenzetu wa Taita walichukua njia ya busara zaidi: walisajili jina la kikapu chao kabla mwingine hajalitamani. Na Ethiopia, taifa zima liliingia uwanjani. Lilidai haki ya majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, likavutana hadharani na kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Ethiopia haikudai ada ya kutumia majina. Ilitaka kwanza yatambuliwe kuwa yake. Wapo waliosema hizo ni heshima tupu. Mimi naona tofauti kati ya muuzaji anayeuliza bei na muuzaji anayetoa leseni, hata kama leseni ni ya bure.

Kwetu Kenya sheria mahususi ya kulinda majina ya kijiografia imechelewa mno; rasimu zake zimezunguka ofisini tangu muongo wa 2000. Lakini Sheria ya Alama za Biashara inaruhusu alama ya pamoja, yaani alama inayomilikiwa na chama na kutumiwa na wanachama wake kwa masharti waliyoyaandika. Ofisi inayoshughulika nayo ni Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI. Sioni sababu ya kungoja Bunge.

Hoja ya nne: jina huifanya ardhi iwe na wajibu

Hoja hii ni fupi kuliko zilizotangulia, ingawa kwangu ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo. Viwanda vyetu vya kahawa vilijengwa kando ya maji kwa sababu kumenya hakuwezekani bila maji. Maji hayo huingia Gucha, na Gucha huingia Ziwa Victoria. Kiwanda kisicho na mashimo ya kuchujia maji machafu humwagia jirani wa chini maji yenye utelezi na uchachu. Mabondeni tumepanda mikaratusi, tena mingi, kwa sababu ya mbao na kuni, na chemchemi zimekauka. Wenye tanuri za matofali wamekula udongo wa kingo. Tabaka ina mashimo yaliyoachwa wazi. Kaunti ya Kisii, kwa hesabu ya watu ya 2019, ina watu zaidi ya milioni 1.2 katika eneo dogo, na kwa familia nyingi shamba halifiki ekari mbili. Ardhi ya namna hii haina nafasi ya kuvumilia uzembe.

Chama kinachouza kilo hakina sababu ya kibiashara ya kujali chemchemi. Chama kinachouza mahali kinayo, kwa sababu chemchemi ni sehemu ya bidhaa. Wareno waliliweka bonde la Douro chini ya mipaka ya kisheria tangu 1756 kwa ajili ya divai yake, na mwaka 2001 mandhari hayo yakaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2011 iliingia Mandhari ya Kitamaduni ya Kahawa ya Kolombia: milima yenye mashamba madogo ya familia, nyumba za wakulima, vijia na vitanda vya kukaushia. Msomeni huyo Mkolombia, mtamwona ndugu yenu. Hata karibu zaidi, kuta za mawe za Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori ziliingia mwaka 2018. Sidai kwamba Nyamarambe itafuata kesho. Nadai tu kwamba mteremko uliolimwa vizuri na wakulima wadogo unahesabika kuwa urithi, na kwamba urithi wa aina hiyo hauhitaji jumba la makumbusho, unahitaji watu waendelee kuulima.

Mapingamizi

La kwanza nimelisikia hata leo asubuhi: bei imekuwa nzuri, jina la nini? Ni kweli. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana. Lakini kumbukeni ile neema ya 1976 na 1977, ambayo wazee hapa wanaikumbuka kwa nyumba za mabati na karo za shule. Ililetwa na baridi kali iliyounguza kahawa ya Brazili mwezi Julai 1975. Nayo dhiki iliyofuata ilianza Julai 1989, mkataba wa kimataifa wa mgao wa mauzo ulipovunjika London na bei ikaanguka karibu nusu kwa miezi michache. Kenya ilikuwa imevuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88; miaka ya karibuni imekuwa ikizungukia tani 50,000 au chini yake. Neema ilitoka Brazili, dhiki ikatoka London. Jina halizuii bei ya dunia kushuka, na atakayewaambia hivyo anawadanganya. Linaweza kumpa mnunuzi sababu ya kuja kwenu hasa wakati ambapo kahawa imejaa kila mahali, na huo ndio wakati mtu anapohitaji mnunuzi.

La pili: mashamba ni madogo, na miwa au ndizi zinalipa haraka. Siwabishii wanaong'oa kahawa; mtu mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hawezi kula mhadhara. Lakini udogo wa shamba unapinga zao la bei ya chini kabla ya kuipinga kahawa. Miwa hutaka eneo na lori. Kwenye robo ekari haifiki mbali. Kahawa nzuri hutaka mikono mingi na macho ya kuchagua tunda jekundu, na hiyo ndiyo mali tuliyo nayo. Inakubali pia kivuli cha mgomba pembeni yake. Ninachokubali ni kwamba kahawa ya kawaida, inayolipwa mara moja kwa mwaka na kwa kuchelewa, haina utetezi kwenye shamba dogo. Basi isiwe ya kawaida.

La tatu ndilo zito, nami sitalipita kwa haraka. Watu husema: viongozi wa vyama wataiba jina kama walivyoiba kahawa. Hapa wasemaji wa ushirika hupenda kujibu kwa risaga, desturi ya Abagusii ya majirani kulimiana mashamba kwa zamu na kumaliza kwa pombe ya wimbi. Husema: tulikuwa na ushirika kabla ya serikali, basi tuurudie. Naiheshimu risaga, lakini jibu hilo halitoshi. Katika risaga kila mtu alimwona mwenzake akishika jembe, na mvivu alijulikana kabla jua halijatua. Katika chama chenye maelfu ya wanachama, kazi inayoamua riziki yenu hufanywa ndani ya daftari ambalo hamlioni. Desturi ya kuonana haiwezi kuchunga kitu kisichoonekana. Sheria ya 1997 iliwaachia wanachama wasimamie vyama vyao wenyewe karibu bila jicho la serikali, na miaka iliyofuata ikaleta uporaji, kesi na vyama kugawanyika vipande katika sehemu nyingi za nchi, mpaka marekebisho ya 2004 yakarudisha usimamizi. Mfumo wa malipo ya moja kwa moja ulioanzishwa 2023 kupitia Benki ya Ushirika, ambapo fedha za mnada zinaelekezwa kwa akaunti za wanaostahili, umeziba baadhi ya matundu. Je, jina linaongeza tundu jingine? Naona kinyume. Masharti ya alama ya pamoja ni hati ya wazi: yanasema nani ana haki ya kuitumia, matunda ya namna gani yanapokelewa, nani anakagua, na adhabu ni ipi. Karani anayepokea matunda mabichi kwa urafiki hadhulumu tena kilo chache tu. Anavunja hati ambayo jirani yake anaweza kuisoma kwa sauti mkutanoni. Haitakomesha wizi. Itawapa wanachama kitu cha kushika mkononi wanapouliza.

Na la nne, kwamba urithi ni mambo ya watalii: sina mengi. Watalii hawaji Nyamarambe kwa wingi, na mpango wowote unaowategemea wao nashauri muukatae.

Tunakoelekea

Kuna jambo moja litakalotulazimisha kuamua upesi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa inayoingia katika soko lake ionyeshe shamba ilikotoka, kwa nukta za ramani, na kwamba shamba hilo halikutokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini wanunuzi wameshaanza kuuliza. Kila shamba dogo la mwanachama litapimwa na kuwekwa kwenye ramani. Wengi wanaiona kanuni hiyo kuwa mzigo kutoka mbali, na gharama yake ni mzigo kweli. Lakini ramani ya mashamba yote ya wanachama, kutoka mto hadi kilele, ndiyo hasa hati ya kwanza ambayo mwenye jina la mahali anaihitaji: inaonyesha mipaka ya jina. Ikiwa italazimika kuchorwa, ichorwe kwa daftari la chama, na nakala yake ibaki hapa, isibaki kwa mnunuzi peke yake.

Kwa mikutano mikuu ijayo ya vyama vyenu napendekeza ajenda ya mambo manne. Kwanza, azimio la nani atakuwa mwenye jina: chama kimoja kimoja, au vyama vya bonde lote kwa pamoja, mimi napendelea bonde, kwa sababu chama kimoja hakina kahawa ya kutosha kumrudisha mnunuzi mwaka wa pili. Pili, kamati ya kuandika masharti, yenye wanawake wachumaji ndani yake, maana wao ndio watakaoyatekeleza. Tatu, mwonjaji wa kwenu, kijana aliyefunzwa, mwenye meza na vikombe hapa Gusii, awapeni majibu ya kila kiwanda kabla kahawa haijaondoka. Nne, mazungumzo na wachongaji wa Tabaka, kwa kuwa wao wana jina lenye nguvu na sisi tuna vyama vyenye usajili, na sioni kwa nini ombi lao na letu yasiende KIPI katika gari moja.

Lipo swali ambalo sijalijibu, na nimeliacha kwa makusudi kwa sababu jibu lake liko kwenu: jina liwe lipi? Wapo watakaotaka Kisii, linalojulikana duniani. Wapo watakaotaka Gucha, kwa sababu ya mto. Wapo watakaosema Mugirango, na ndugu zetu wa Nyamira watauliza wao wamewekwa wapi. Mwenyekiti, naona mikono imeshaanza kuinuka kule nyuma. Tuanze na huyo mama wa kilemba cha kijani, halafu mzee aliye karibu na dirisha.